Boti kuukuu ya faiba: mambo ya kukagua kabla hujatoa pesa

Maneromango haina bahari. Ukisimama sokoni unaona korosho, mihogo na bodaboda zinazosubiri abiria wa Kisarawe mjini. Lakini watu wetu wana ndugu Kisiju, Nyamisati, Bagamoyo na Mafia, na habari za bahari hazikauki majumbani. Kwa hiyo hatukushangaa msikilizaji wetu mmoja, mzee wa makamo, alipotupigia simu studio na kuuliza swali ambalo halihusiani na shamba hata kidogo.

Yeye na wenzake sita wana kikundi. Kwa misimu mitatu wameweka akiba ya korosho. Mpwa wake, ambaye ni baharia kule Mafia, amewaletea habari ya boti ya tanga iliyojengwa kwa faiba. Ina urefu wa mita 9, ina chumba cha kulala chini na injini ndogo ya dizeli, na umri wake umepita miaka arobaini. Mwenyewe anahama nchi, na bei anayotaka ni ndogo kuliko walivyotarajia. Kikundi kinataka kuitumia kupeleka wageni kuangalia papa potwe, ambao huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba hadi miezi ya mwanzo ya mwaka. Mzee akauliza: "Jamani, mbao tunazijua, zinaoza. Hii faiba si haiozi? Tununue?"

Swali hilo tumelipeleka kwa mafundi na manahodha, na maelezo haya tumeyaandika kwa ajili ya kikundi hicho na mwingine yeyote anayefikiria kununua boti ya namna hiyo. Jibu fupi ni hili: ni kweli faiba haiozi, lakini vitu vilivyofungwa ndani ya faiba vinaoza, na vilivyofungwa juu yake vinachakaa. Ukaguzi wote unafuata hapo.

Faiba ni nini hasa

Faiba ni nyuzi nyembamba sana za kioo zilizosukwa kama kitambaa, zikalowekwa kwenye gundi ya kemikali iitwayo resini, kisha zikaachwa zikauke na kuwa ngumu ndani ya kalibu. Boti za namna hii zilianza kutengenezwa Marekani miaka ya 1940, na kufikia miaka ya 1960 viwanda vya Ulaya na Marekani vilikuwa vinazitoa kwa wingi. Nyingi za wakati huo bado zinaelea. Boti ya miaka arobaini au hamsini si lazima iwe mbovu, na wala rangi mpya si ushahidi kwamba ni nzima.

Nje, faiba hufunikwa na koti jembamba linalong'aa ambalo huzuia maji na jua. Ndani, sehemu nyingi za sitaha hujengwa kama mkate uliopakwa siagi katikati: faiba juu, faiba chini, na kati yake mbao nyepesi au plaiwudi. Mbao hizo huipa sitaha ugumu bila kuongeza uzito. Kila palipotobolewa ili kufunga bolti, maji yanaweza kupenya hadi kwenye mbao hizo. Yakishaingia hayatoki. Mbao huoza gizani huku faiba ya nje ikiendelea kung'aa.

Mwenye mashua ya mbao anajua mapema kwamba chombo kinaumwa, kwa sababu kinavuja, naye anakitia kalafati. Boti ya faiba inaweza kuoza ndani kwa miaka kumi bila kuvujisha hata tone.

Itoe majini kwanza

Usinunue boti ambayo hujaiona tumbo. Kama kuna chelezo au kreni karibu, omba ipandishwe, na gharama mkubaliane mapema nani analipa. Kama hakuna, tumia bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji ya pwani yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Boti yenye mkuku mrefu inaweza kuegemezwa kwenye nguzo imara wakati wa kujaa, ukaikagua maji yakipwa. Yenye mkuku mwembamba wa kina inahitaji uangalifu zaidi, maana ikianguka kwenye mchanga inaweza kupasuka.

Ikishatoka majini, isafishwe chini, kisha iache isimame kwa muda. Tazama wapi maji yanaendelea kuchuruzika. Palipo kavu kwa nje lakini panatiririsha maji saa nzima baadaye, pana maji ndani.

Gonga, kanyaga, nusa

Hapa huhitaji mashine. Chukua nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi, ugonge taratibu sehemu moja baada ya nyingine, kama unavyogonga fenesi kujua limeiva. Faiba nzima inatoa sauti kavu na kali. Faiba iliyoachana, au yenye mbao iliyooza katikati, inatoa sauti nzito, ya chini, kama umegonga godoro. Weka alama ya chaki kila unaposikia sauti hiyo. Ukimaliza, alama zenyewe zitakuchorea ramani ya ugonjwa.

Kisha kanyaga sitaha yote pekupeku. Palipo pazima hapabonyei. Unapohisi mguu unazama kidogo, hasa kuzunguka mlingoti, kuzunguka madirisha na mahali palipofungwa vyuma vya kamba, mbao ya ndani imekwisha. Kurekebisha maana yake ni kukata faiba ya juu, kutoa mbao iliyooza, kuweka mpya na kufunika tena. Inawezekana, lakini ni kazi ya wiki kadhaa na fundi anayejua.

Tumboni tafuta malengelenge. Haya hutokea maji yanapopenya koti la nje na kuchanganyika na kemikali zilizobaki ndani ya resini. Ukitoboa lengelenge, hutoka majimaji yenye harufu kama siki. Vaa miwani, maana huweza kurukia macho. Malengelenge machache madogo hayazamishi boti, ila ni hoja ya kupunguza bei. Yakitapakaa tumbo zima, au yakiwa makubwa kama kiganja, kaa mbali au jiandae kwa gharama kubwa.

Nyufa nazo zina lugha yake. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mara nyingi ni za koti la nje tu. Ufa mmoja mrefu ulionyooka, au nyufa zinazoanzia kwenye kona ya chuma na kusambaa, zinaonyesha kwamba sehemu hiyo inapinda kupita kiasi kila wimbi linapopiga. Ingia ndani uangalie upande wa pili wa ufa huo. Ukiukuta na huko, faiba yenyewe imevunjika.

Mkuku, usukani na matundu

Mkuku wa boti ya tanga hubeba farumi, yaani uzito wa kukifanya chombo kirudi wima. Farumi hiyo huwa ya risasi au ya chuma. Risasi haishiki kutu, chuma kinashika. Pengine farumi imefungwa ndani ya faiba, pengine mkuku mzima umeshikizwa chini kwa bolti. Kama ni bolti, fungua mbao za sakafu uzitazame zote. Kutu inayotiririka kutoka kwenye nati, au mwanya unaoonekana kwa nje kati ya mkuku na tumbo, ni onyo. Uliza boti imewahi kupanda mwamba lini na wapi. Boti ya miaka arobaini isiyowahi kugusa chini ni nadra, na muuzaji mkweli atakwambia.

Usukani ushike kwa mikono miwili uutikise. Ukicheza sana, bushi zimelika. Ukitoa maji siku nzima baada ya kutolewa baharini, ndani yake mmelowa na vyuma vinavyoushikilia vinaweza kuwa vimeliwa na kutu. Boti iliyopoteza usukani katikati ya mkondo wa Mafia haina pa kwenda isipokuwa inakopelekwa na upepo.

Hesabu matundu yote chini ya mstari wa maji: la kupoozea injini, la choo, la sinki. Kila tundu linatakiwa liwe na valvu inayofunguka na kufungika kwa mkono. Kwangua kidogo chuma chake. Ikiwa kimegeuka rangi ya waridi, chumvi imekila na kinaweza kukatika kama biskuti. Mipira inayounganishwa hapo ifungwe kwa vibano viwili kila mwisho. Boti nyingi kuukuu huzama bandarini siku tulivu kwa sababu ya mpira mmoja uliochoka.

Mlingoti, waya, matanga na injini

Waya zinazoshika mlingoti kwa kawaida hupendekezwa zibadilishwe kila baada ya miaka 10 hadi 15, na kwenye joto na chumvi ya kwetu si vizuri kuchelewesha. Pitisha kitambaa juu ya waya. Kikinasa, kuna uzi uliokatika. Angalia kwa makini pale waya inapoingia kwenye kifungio, maana hapo ndipo hukatikia. Fuata pia vibao vya chuma vinavyoshikilia waya hizo hadi ndani ya boti. Hupita kwenye sitaha, na maji hupita navyo.

Matanga jaribu mshono kwa kucha. Uzi ukikatika kwa kuguswa, jua limeshaumaliza, hata kama kitambaa bado cheupe.

Injini iguse kabla haijawashwa. Ukikuta ina joto, muuzaji ameiwasha mapema ili kuficha kwamba ikiwa baridi inasumbua. Itakiwe kuwaka ikiwa baridi. Moshi mweusi au mweupe usiokoma, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, au maji ya kupoozea yasiyotoka nje, vyote vinajulikana na fundi yeyote wa dizeli wa Kisarawe. Mchukue akusaidie, hata kama hajawahi kupanda boti.

Ikilala, itainuka?

Hapa tunatoka kwenye ubovu na kuingia kwenye umbo. Boti inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifae kwa bahari unayoitaka.

Agosti 1979 boti 303 za tanga zilitoka Cowes, Uingereza, katika mashindano ya kwenda kuzunguka mwamba wa Fastnet karibu na Ireland. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 dhoruba kali iliwakuta. Washindani 15 walikufa. Boti 24 ziliachwa na mabaharia wake, lakini 5 tu ndizo zilizozama. Nyingine 19 zilipatikana baadaye zikielea. Katika kundi la boti ndogo kabisa, iliyomaliza ni moja tu, boti ya faiba aina ya Contessa 32 iitwayo Assent.

Baada ya msiba huo wataalamu walitafuta njia rahisi ya kutambua boti inayopinduka upesi. Wakaja na hesabu inayolinganisha upana na uzito. Boti pana na nyepesi hukaa imara kama sinia, lakini ikigeuzwa na wimbi, hubaki imegeuka kama sinia vilevile. Boti nyembamba na nzito huinama mapema, lakini huinuka.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa simu ya tochi. Chukua upana wa boti kwa mita, gawanya kwa mbili. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha zidisha tena kwa lenyewe. Linganisha na uzito wa boti tupu kwa tani. Jibu likiwa dogo kuliko uzito, boti imefaulu. Likiwa kubwa, boti hiyo ibaki karibu na pwani.

Contessa 32 ina upana wa mita 2.9 na uzito wa tani 4.3 hivi. Nusu ya upana ni 1.45. Mara 1.45, mara 1.45 tena, unapata 3.05, ambayo ni ndogo kuliko 4.3. Imefaulu vizuri. Sasa chukua boti ya mfano yenye upana wa mita 3.2 na uzito wa tani 3. Nusu ni 1.6, na hesabu inatoa karibu 4.1. Hiyo imeshindwa.

Hesabu hii ina mipaka. Haijui uzito umekaa wapi. Ukitoa risasi mkukuni ukaifunga kileleni mwa mlingoti, jibu ni lilelile, ingawa boti itapinduka hapohapo. Vilevile haihusu mashua wazi zisizo na sitaha, maana hizo hujaa maji kabla ya kitu kingine. Na usiongeze uzito wa abiria ili hesabu ikubali. Abiria hukaa juu, na uzito wa juu ndio unaopindua. Septemba 10, 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na umbo la boti yoyote, dogo au kubwa, halisamehe jambo hilo.

Ndiyo maana kuna kipimo cha pili cha kufanywa boti ikiwa majini. Subiri maji yatulie, legeza kamba, kisha watu wawili waisukumesukume kwa ubavu hadi ianze kuyumba, halafu waiache. Kwa saa ya simu, pima muda wa mayumbo matano kamili, kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi kulia. Gawanya kwa tano. Kanuni ya vyombo vidogo ni kwamba sekunde za yumbo moja zisizidi upana wa boti kwa mita. Boti ya mita 3 iyumbe kwa sekunde 3 au chini. Ikichukua sekunde 5 kurudi, ina uvivu wa hatari. Rudia kipimo hicho ikiwa na watu idadi uliyokusudia, wakiwa wamekaa juu kama wageni watakavyokaa.

Raha si anasa

Rudi kwenye zile boti 19 za mwaka 1979 zilizokutwa zinaelea zenyewe. Chombo kilikuwa bado kinaweza, mabaharia ndio waliokuwa wamefika mwisho. Mtu aliyechoka, aliyelowa, anayetapika na asiye na pa kujishikiza hufanya uamuzi mbaya. Kwa hiyo raha ndani ya boti ni sehemu ya usalama.

Mchoraji wa boti Ted Brewer alitunga kipimo cha raha, na mwenyewe alieleza kwamba alianza nusu kwa mzaha. Kinalinganisha uzito wa boti na eneo inalofunika juu ya maji. Nambari ndogo, chini ya 20, ni ya boti nyepesi inayorukaruka kwenye kila wimbi. Kati ya 20 na 30 ni boti ya pwani, na kuanzia 30 kwenda juu ni nzito na tulivu. Contessa 32 inapata kama 27. Mantiki yake dereva wa barabara ya vumbi anaijua: gari tupu hurusha abiria, lililobeba mzigo hutulia.

Lakini nambari haitakwambia yote. Panda boti, funga macho, tembea kutoka tezi, yaani nyuma, hadi omo, yaani mbele. Je, kila hatua mkono unapata pa kushika? Lala kwenye kitanda. Je, boti ikiinama utabaki, au utaangukia sakafuni? Kaa sehemu ya nahodha. Je, maji yakijaa hapo yana matundu ya kutosha kutoka haraka, au yataingia chumbani?

Angalia pia hewa. Boti nyingi za Ulaya zilijengwa kwa ajili ya baridi, zina madirisha madogo yasiyofunguka. Kwetu, saa saba mchana, chumba cha namna hiyo ni tanuri. Utahitaji turubai la kivuli na matundu ya hewa yanayozibika wakati wa mawimbi. Jikoni, kama kuna mtungi wa gesi, uwe kwenye kasha lenye tundu la kutolea nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka na kutuama ngamani, chini kabisa ya boti, ikisubiri cheche ya injini.

Boti na maji ya kwetu

Boti iliyosifika Ulaya inaweza kusumbua Nyamisati. Contessa 32 ile inahitaji maji ya kina cha kama mita 1.7 ili isiguse. Kwenye mito ya delta ya Rufiji na fukwe ambako mashua na madau hukaa juu ya tope wakati wa kupwa, mkuku mrefu kiasi hicho utakulazimisha kutia nanga mbali na kushusha wageni kwa mtumbwi. Uliza manahodha wa eneo lako kina cha maji wakati wa bamvua kabla hujapenda boti.

Uliza pia majira. Kusi huvuma tangu karibu Aprili hadi Septemba au Oktoba na ndiyo yenye bahari ngumu zaidi. Kaskazi huchukua nafasi kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi. Safari ya majaribio ifanywe siku yenye upepo, si asubuhi bahari ikiwa shwari kama maziwa. Na kabla ya safari yoyote sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, boti ndogo ibaki bandarini, hata kama wageni wameshalipa.

Karatasi

Omba kuona hati ya usajili, mkataba ambao muuzaji alinunulia, na ushahidi kwamba ushuru wa forodha ulilipwa kama boti ilitoka nje. Boti ya kigeni isiyolipiwa ushuru ni deni linalokusubiri wewe. Usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo Tanzania Bara uko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini. Ukitaka kubeba abiria wa kulipa, nenda ofisini kwao kabla ya kununua, ueleze boti ni ya namna gani na utaitumia kwa kazi gani. Ukitaka kuvua, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakutaka upitie pia kwa ofisa uvuvi.

Majaketi okozi, pampu mbili za maji, taa, nanga na amari ya kutosha, kizimamoto na redio ya baharini vihesabiwe siku ya kununua. Visivyokuwepo vitatoka mfukoni mwako.

Hesabu ya pesa

Tuseme, kwa mfano tu, boti inauzwa milioni 15. Sitaha inahitaji milioni 5, waya za mlingoti milioni 3, matanga milioni 3, valvu na usukani milioni 2. Boti hiyo ni ya milioni 28, na bado hujalipia usajili wala bima. Sasa linganisha na boti nyingine inayouzwa milioni 22 ambayo mwenyewe ameshafanya kazi hizo na ana risiti. Ya milioni 22 ndiyo rahisi.

Kwa hiyo tengeni bajeti mapema. Sehemu ya akiba ibaki bila kuguswa kwa ajili ya matengenezo. Lipeni fundi asiye rafiki wa muuzaji, na ripoti aiandike. Msitoe malipo ya awali bila karatasi inayosema yatarudishwa ukaguzi ukionyesha ubovu.

Orodha ya kuhifadhi kwenye simu

1. Nimeiona ikiwa nje ya maji, imesafishwa.
2. Nimegonga tumbo na sitaha yote na kuweka alama.
3. Nimezitazama bolti za mkuku, usukani na kila valvu.
4. Nimekagua waya na matanga kwa mkono.
5. Injini imewaka ikiwa baridi.
6. Nusu ya upana, ikizidishwa kwa yenyewe na kisha tena kwa nusu hiyo hiyo, ni ndogo kuliko tani zake.
7. Yumbo moja halizidi sekunde sawa na upana wake.
8. Nimesafiri nayo siku ya upepo, na watu niliokusudia.
9. Kina cha mkuku kinafaa bandari yangu.
10. Karatasi zote nimeziona, nimezithibitisha.

Kile kikundi kiliishia wapi?

Walikwenda watatu, pamoja na yule mpwa na fundi mmoja wa faiba. Hesabu ya upana ilikubali. Yumbo lilikubali. Kwa umbo, boti ilikuwa nzuri. Lakini sitaha kuzunguka mlingoti ilitoa sauti ya godoro kwa eneo la zaidi ya mita moja, na usukani ulitiririsha maji hadi jua likazama. Fundi akaandika gharama. Waliomba bei ipungue kwa kiasi hicho, muuzaji akakataa, wakarudi Maneromango mikono mitupu.

Mzee alitupigia tena simu. Alituambia kwamba wenzake wawili wamekasirika, wanasema wamepoteza msimu wa papa potwe na nauli juu. Yeye alisema pesa ya korosho bado iko benki, na mpwa wake bado anakuja nyumbani sikukuu. Boti nyingine wanaendelea kuitafuta, na safari hii nyundo ya plastiki wameshainunua.